Aliyenigeuzia Ukurasa

Leo, siku ya uhuru, nimeaibika mbele ya mji mzima wa Uvira.

Kwenye okestra yetu, wapiga sello, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, wawili tunasoma karatasi moja. Mmoja akigeuza ukurasa, mwenzake anaendelea kupiga.

Mwenzangu Bahati alienda kwa waasi. Sello aliyoiacha, askari wao walipouteka mji waliipasua ikawa kuni, wakapikia maharagwe.

Leo nimepiga peke yangu. Ukurasa ukaisha, mikono yangu ikasimama. Ilikuwa inamngoja! Mazoea haya!

Bahati akainuka kwenye viti vya wakubwa wapya, bastola kiunoni, akaja akanigeuzia ukurasa.

"Endelea, dada."

Watu makofi! Na miye, mujinga, nikaendelea.

Ungekuwa weye, ungefanya nini? Niambie.

Kinachoniuma ni kwamba hakuangalia hata noti. Bado anaujua wimbo wote.