Sahihi Sita za Kogo

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Juu kabisa palikuwa na maneno mazito: matarajio na masharti ya somo la hesabu. Ameingia gredi ya kumi, amechagua sayansi, na shule yake imeona heri wanaochukua hesabu ile ngumu wajue mapema wanaingia wapi. Nilizisoma nikiwa nimesimama jikoni, mwiko mkononi. Kikokotoo ni cha mtu binafsi, si cha kuazimana. Simu ikionekana inachukuliwa. Kazi ikichelewa siku moja, alama zinapungua. Mwanafunzi aonyeshe njia aliyopita, si jibu tu. Na chini kabisa, mstari mmoja mtupu wa sahihi ya mzazi au mlezi. Nilikodolea macho mstari ule mpaka ugali ukaungua. Baba yake ndiye aliyetia sahihi. Mimi nilisingizia kwamba mikono yangu ina unga.

Kama ulisoma shule ya kutwa enzi zetu, rafiki yangu, karatasi kama hiyo unaijua. Yetu ilichapwa kwa taipureta iliyokuwa na herufi moja iliyovunjika, kwa Kiingereza, masharti tisa. Nilikuwa kidato cha tatu, katika shule moja ya upande wa Sotik ambayo sitaitaja, kwa sababu bado ipo na watoto wa watu wanasoma pale. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ametugawa makundi mawili. Kundi la juu lilifundishwa na yeye mwenyewe, logi, trigonometria, milinganyo, yote ya kututayarisha kwa ile kalkulasi ya kidato cha nne. Kundi la pili lilipewa mwalimu yeyote aliyekuwa na nafasi, na siku nyingi hakukuwa na mwenye nafasi. Kila mtu alijua kwamba ukishuka huko umekwisha. Mimi nilikuwa kundi la juu, na sikuwa na kitu kingine duniani cha kujivunia.

Nilikuwa nikiishi kwa Kogo, yaani nyanya yangu. Mama alikuwa ameolewa mara ya pili huko Kipkelion, na huko hapakuwa na nafasi yangu. Nyumba ya Kogo ilikuwa mwisho wa kijia kilichopita katikati ya chai yake, ekari moja na kidogo. Bado nakumbuka asubuhi zile. Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe ulimsikia kabla ya kumwona. Kogo alikuwa amekwisha kukamua, moshi unatoka chini ya bati, na chai ya maziwa imeiva ikiwa na ladha ya moshi huohuo. Alijifunga karatasi ya nailoni kiunoni ili umande usimloweshe, akatia kikapu mgongoni, akaingia shambani. Nilikuwa nachuna naye kwa saa nzima kabla ya kwenda shule. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono yake ikitembea juu ya michai bila yeye kuitazama. Alasiri mvua ilikuja bila kukosa, na mara nyingine ilikuja na mawe, naye alisimama mlangoni akiitukana kwa Kipsigis kama mtu anayemgombeza mkwe mlevi.

Vidole vyake vilikuwa vyeusi. Utomvu wa chai hauli nguo tu, unaingia kwenye ngozi na kwenye nyufa za kidole gumba, na hakuna sabuni inayouondoa. Kogo hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Lakini tarakimu alizijua vizuri, kwa sababu ya kituo cha majani. Pale kwenye mizani kila mkulima alikuwa na namba yake, na karani hakumwita mtu kwa jina, alimwita kwa namba. Namba yake Kogo aliweza kuitaja akiwa usingizini, na aliweza kuiandika vilevile, kwa kalamu, kwa makaa au kwa kidole kwenye vumbi. Huko ndiko alikojulikana, na alijulikana kwa namba hiyo.

Sharti la saba la mwalimu lilisema kwamba kila Ijumaa mzazi atie sahihi chini ya kazi ya wiki nzima, kuonyesha kwamba ameiona. Ijumaa ya kwanza Kogo alibonyeza kidole gumba kwenye wino wa kalamu yangu niliyoipasua, akakiweka chini ya milinganyo yangu. Wino wa buluu na weusi wa chai vikachanganyika. Mwalimu aliinua daftari langu juu, darasa zima likaona.

"Hii ni nini? Mimi nilisema signature, sikusema mniletee uchafu."

Walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, na leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Nilipomwambia Kogo, hakukasirika. Alikuwa akiosha kibuyu cha maziwa, akaendelea kukiosha, kisha akaniuliza kwa Kipsigis jina lake lina herufi ngapi. Nikamwambia sita. Akasema sita si nyingi.

Jumapili ile, baada ya kanisa, ndipo tulipoanza. Jumapili hakuchuna, kwa hiyo mikono yake ilikuwa imepumzika. Nilimwandikia jina lake la ubatizo kwa kaa kwenye ukuta wa jikoni, naye akalinakili chini yake. Vidole vilivyoweza kukata chipukizi laini bila kulichubua havikujua la kufanya na kalamu. Aliishika kama mtu aliyeshika kinyonga. Herufi ya nne ilimsumbua, ilikuwa inageukia upande mwingine. Tulicheka sana siku ile, na chakula tulikula baridi, kimyet, yaani ugali wetu, na mboga chungu ya isagek. Jumapili ya pili aliandika jina lote bila kuangalia ukutani. Aliniuliza, "Na nikikosea?" Nikamsomea sharti la nne: ni marufuku kufuta, kosa likatwe kwa mstari mmoja ulionyooka. Akalishika. Ijumaa moja alikosea herufi, akaomba rula, akakata kosa lake kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika upya kando yake. Katika darasa lote lile la watu thelathini na kitu, sidhani kuna aliyeyaheshimu masharti ya mwalimu kama mwanamke yule ambaye hakuweza kuyasoma.

Ijumaa sita alitia sahihi. Aliosha mikono kwanza, akakaa kwenye kigoda, daftari magotini, na mimi sikuruhusiwa kusema neno mpaka amalize. Halafu aliitazama kidogo. Hakusema kwamba amefurahi, lakini wiki hizo alinipa maziwa ya juu, yenye mafuta.

Sasa, sahihi ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani haifanani leo na kesho. Moja ilikuwa kubwa, nyingine imelala, nyingine ilikuwa na lile kosa lililokatwa. Mwalimu alizifungua zote sita, akazilinganisha, akafikia jibu lake. Alikuwa mtu wa kufikia jibu. Sharti la tisa lilisema anayeghushi sahihi ataondoka kundi la juu siku hiyohiyo.

"Hizi signature zote hazifanani," aliniambia. "Kesho kuja na guardian. Na usilete mtu wa kukodisha njiani."

Ilikuwa msimu wa majani mengi, ule ambao ukikosa siku moja majani yanakomaa na kituo hakiyapokei. Kogo aliacha shamba hivyohivyo. Aliosha viatu vyake vya gambuti mtoni, akavaa kitambaa cha kichwa cha kanisani, akatembea nami kilomita zote zile mpaka shuleni. Njiani aliniuliza mara mbili kama kalamu ya mwalimu itakuwa ya aina yetu.

Chumba cha walimu kilikuwa na watu, ulikuwa wakati wa chai ya saa nne. Walimu wanne, watano, vikombe mkononi, mkate umepakwa siagi. Hakuna aliyempa kiti. Mwalimu wa hesabu alisukuma karatasi nyeupe mbele yake juu ya meza.

"Mama, andika ile signature yako hapa."

"Mimi naandika, mwalimu. Ni mimi nilikuwa naandika," Kogo alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kituoni. "Mkono yangu hii."

"Sawa. Andika tuone."

Wote wakageuka wamtazame. Aliinama juu ya meza ile iliyokuwa juu kuliko magoti yake aliyoyazoea.  Akaitazama ile karatasi nyeupe, kisha mkono ukaenda wenyewe, haraka, bila shida, na akainuka akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Alikuwa ameandika namba yake ya chai.

Mbele ya watu wengi, karani au mwalimu, mtu mwenye kalamu akikwambia ujitambulishe, mkono wa mkulima wa chai huandika namba hiyo. Ningeweza kueleza hayo kwa sentensi moja. Lakini mwalimu mmoja alishaanza kucheka hata chai ikamwingia puani, na wengine wakafuata.

"Hii ni sahihi ama ni registration ya ng'ombe?" mwalimu wa hesabu akauliza. Kisha akanigeukia mimi, sauti yake ikiwa ya upole, na huo upole ndio ulioniua. "Wewe msichana ni mwerevu. Sitaki kukupoteza. Sema ukweli, omba msamaha hapa mbele ya wote, urudi class. Ukikataa, beba daftari uende lile kundi lingine. Nani aliandika?"

Rafiki yangu, nilikuwa na miaka kumi na saba. Najua hiyo si sababu. Niliona lile darasa la pili lisilo na mwalimu, nikaona michai isiyo na mwisho, nikaona mikono yangu ikiwa myeusi mpaka kufa.

"Ni mimi," nilisema. "Ni mimi niliandika. Naomba msamaha."

Kogo alielewa. Kiswahili hicho hakikuwa kigumu. Hakunitazama. Alikunja mikono yake mbele, mmoja juu ya mwingine, akamwambia mwalimu, "Samehe yeye, mwalimu. Ni mtoto tu. Mimi nitamchunga." Aliomba msamaha wa kosa ambalo hakuna mtu aliyelitenda. Kisha akaaga, akarudi kwa majani yake, na mimi nikarudi darasani ambako tulikuwa tukifundishwa mlinganyo wa duara.

Jioni alinipa chakula kama kawaida.  Ijumaa iliyofuata nilipofungua daftari, aliniambia nimpelekee jirani yetu, mke wa mzee wa kanisa, kwamba yule ana mwandiko mzuri. Ukuta wa jikoni alikuwa ameupaka udongo upya, na yale maandishi ya makaa hayakuwepo tena. Jirani ndiye aliyetia sahihi mpaka nikamaliza shule. Nilipata alama nzuri, nikaenda chuo, na leo ni mpima ardhi, naishi kwa trigonometria ileile. Sikosi kitu. Kila nilichopata nilikipata kwa neno lile nililolisema pale mbele ya vikombe vya chai, na hakuna anayenidai, hilo ndilo linalouma.

Nilijiambia nitamwomba radhi nikimaliza mtihani. Halafu nikimaliza chuo. Halafu nikipata kazi. Kogo alikufa mwaka mmoja wa mvua nyingi, majirani wakambeba kwa sababu gari halikuweza kupita kwenye tope. Mwalimu wa hesabu alikuja mazishini. Alikuwa amezeeka, amestaafu, amenenepa. Alipewa maikrofoni, akasimulia jinsi mama huyu alivyokuwa mzazi wa kupigiwa mfano, jinsi alivyoacha kazi zake zote akaja shuleni kuomba msamaha mtoto wake alipodanganya. Watu wakaitikia Amina. Baada yake nilipewa mimi maikrofoni. Nilimshukuru mwalimu kwa kufika.

Nikienda sasa, kile kituo cha majani kina mizani ya umeme na wakulima wana kadi. Nusu ya shamba la Kogo mjomba wangu aling'oa chai akapanda nyasi za ng'ombe, na nusu iliyobaki huchunwa kwa mashine inayonguruma, inayokata chipukizi na matawi pamoja. Hakuna anayechuna kwa vidole viwili tena, labda vikongwe wachache. Lile jiko lilibomolewa. Kitambulisho chake nilikitafuta nikakipata, na mahali pa sahihi pana alama ya kidole gumba. Kwenye cheti cha ubatizo jina limeandikwa na mchungaji. Kwenye msalaba limeandikwa na fundi wa Sotik.

Jina lake kwa mkono wake mwenyewe halipo popote. Lilikuwa kwenye kurasa sita tu za daftari langu, na siku ile mwalimu alisema kurasa zenye udanganyifu hazitakiwi katika daftari la kundi la juu, niziondoe na kunakili kazi upya. Nilizichana mchana uleule, dawatini kwangu, moja baada ya nyingine. Nilitumia rula, ili ukingo unyooke.