Panga Lililoombewa

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Nyakatuntu nikaambiwa kwamba mama mmoja mkulima niliyemfahamu amefariki. Aliugua muda mfupi tu. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sipendi kuandika maombolezo, maana marehemu wote wa magazetini huwa walikuwa wacheshi na wapenda watu. Huyu hakuwa mcheshi. Alikuwa mtu wa kushikilia swali moja mpaka apate jibu, na sisi tuliosoma ndio tuliomnyima. Nina hasira tangu nilipopata habari hizo, na leo naomba mnivumilie.

Miaka michache iliyopita vijana wa shahada ya uzamili walikuja wilayani kwetu Kyerwa kutafiti mnyauko wa migomba. Asiyetoka kwetu ajue kwamba ugonjwa huo hauna huruma: majani yanageuka manjano, mkungu unaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina gonjwa kwa panga kisha ukaenda na panga hilohilo kwenye shina zima, umeueneza kwa mkono wako mwenyewe. Kijana mmoja alishinda misimu miwili kwenye kibanja cha mama huyo, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ambalo aliachiwa na mama mkwe wake. Alipima, alifunga vitambaa vyekundu kwenye mashina, na kila mchana alikula ndizi na maharage ya mama. Siku ya kuondoka alimwahidi mrejesho. Mama aliusubiri kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, kwa sababu migomba ya upande wa bondeni ilikuwa imeanza kunyauka.

Mrejesho ukaja kwa sura ya mashindano. Kila mwanafunzi alipewa dakika tatu na picha moja ukutani aueleze utafiti wake mbele ya wananchi, kisha kengele inalia. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nilikuwa mmoja wa majaji. Kabla ya kuanza, mwalimu wao aliwaambia, "Semeni kana kwamba kila mmoja anamweleza bibi yake." Bibi wa kweli, mama yetu huyu, alikuwa ameketi benchi la pili na kitenge chake cha kanisani, na hakuna aliyemgeukia. Kijana wetu alisimama vizuri, akatabasamu, akasema kwa sauti ya mtangazaji, "Ni muhimu vifaa vyote vya kukatia vitakaswe ipasavyo." Kengele ikalia, ukumbi ukapiga makofi. Mama akanyoosha mkono. Mshereheshaji akamwambia, "Maswali tutachukua wakati wa chai, mama." Wakati wa chai ulipofika tulikuwa tunapigwa picha. Kijana nilimpa alama za juu kuliko wenzake wote, na kwenye fomu nikaandika kwamba lugha yake ni fasaha.

Msimu uliofuata nilikuwa naelekea Kaisho nikapita kumsalimu. Nilimkuta kwenye kibanja, au tuseme mahali kilipokuwa. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Ila usitafute kivuli, hakipo."

Nikamuuliza kama alifuata yale yaliyosemwa ukumbini.

"Nilifuata, waitu, ndugu yangu. Si alisema panga litakaswe? Jumapili nikalipeleka kwa mwinjilisti, akaliombea mbele ya watu wote. Jumatatu nikakata migomba iliyoumwa, nikamalizia kupunguza majani kwenye mizima kwa panga lilelile."

Sikucheka, na wewe msomaji usicheke. Kwetu kutakasa ni neno la madhabahuni, na kila mwanzo wa msimu tunapeleka mbegu na majembe kanisani yaombewe. Aliambiwa atakase, akatakasa. Mwinjilisti naye sina ugomvi naye, aliombwa sala akatoa sala. Nikamweleza mama kwamba kijana alikuwa na maana panga lipitishwe motoni mpaka lipate moto sawasawa, kila linapotoka shina moja kwenda jingine.

"Moto?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Moto ninao. Tangu niolewe haujawahi kuzimika jikoni kwangu. Sasa kwa nini hakusema moto?"

Naudhika ninapoambiwa kwamba tatizo ni muda. Muda gani? "Moto" ni fupi kuliko "vitakaswe ipasavyo", hata mtoto wa chekechea anaweza kuhesabu. Na kijana yule hakutoka mbali, ni mzaliwa wa Rugu, amekua akipuliza moto kwenye mafiga ya mama yake kama sisi sote. Neno alikuwa nalo. Tulimfundisha sisi kulionea aibu, tukampigia makofi alipolificha, na mimi nikamwekea alama. Msomi wetu siku hizi anatuogopa majaji kuliko anavyoogopa kutoeleweka na mtu ambaye migomba yake inakufa. Halafu tunakaa kwenye semina tukilalamika kwamba wakulima ni wagumu kubadilika.

Tulimzika Alhamisi palepale nyumbani, kama ilivyo desturi, lakini kaburi lilichimbwa katikati ya mahindi, pale migomba ilipokuwa. Ndizi za waombolezaji zilinunuliwa Kaisho zikaletwa kwa gari. Niliona jinsi wazee wa kike waliokuwa wakimenya walivyozitazama. Mwanamke aliyemlisha mtafiti misimu miwili amezikwa kwa ndizi za kununua, na kilichomfikisha kwenye ndizi hizo ni neno moja. Basi atakayepewa dakika tatu mbele ya wakulima aseme kitu ambacho mkulima ataondoka nacho mpaka shambani. Kama hana, dakika hizo ampe yule mama aliyenyoosha mkono, yeye akae asikilize.