Mama Nyoosha na Masomo Tisini

Mama Nyoosha alikuwa amepiga pasi miaka ishirini na sita kwenye duka lile lile la dobi, lakini jina hilo hakulipata kwa pasi. Alilipata kwa mdomo wake. Shati likiungua, "Tutanyoosha." Mashine ikigoma, "Tutanyoosha." Siku bosi wake, mwenye duka, alipogombana na dada yake mpaka wakarushiana hanga, Mama Nyoosha aliweka pasi kando, akawakalisha wote wawili kwenye rundo la shuka na kusema, "Tulieni, tutanyoosha." Kabla ya saa sita ndugu hao walikuwa wanakunywa chai ya kikombe kimoja, huyu akipiga funda, huyu akipiga funda.

Jambo moja tu lilikuwa limemshinda. Mwanawe wa pekee alioa nchi ya mbali, kwa watu wa lugha nyingine kabisa, na huko wakajaliwa binti. Baba wa mtoto alifanya kazi za zamu, akitoka huyu yuko usingizini, akirudi yuko usingizini, kwa hiyo lugha ya mama ndiyo iliyomjaa mtoto kinywani. Kila Jumapili walipigiana simu ya picha. Mjukuu anasimulia, bibi anatabasamu. Mjukuu anauliza, bibi anatikisa kichwa juu na chini kama mjusi anayeota jua.

Jumapili moja mtoto, ambaye alikuwa na miaka mitatu na nusu, alimgeukia baba yake na kumwuliza kitu kwa uso wa huruma nyingi. Baba akacheka, halafu akajutia kucheka.

"Amesemaje?" Mama Nyoosha akauliza.

"Ah, mama, mambo ya watoto."

"Nimekuzaa mimi. Sema."

"Anauliza bibi ameharibika lini. Ana mwanasesere wake aliyekuwa anaongea, naye akaacha vivyo hivyo. Tulimtia betri mpya akapona."

Mama Nyoosha alicheka mpaka simu ikamponyoka. Alipoiokota, machozi yalikuwa yamemtoka, na yeye mwenyewe hakujua ni ya kicheko peke yake au yalichanganyika. "Basi nami nitafutie betri," akamwambia mwanawe.

Betri zilikuja ndani ya simu: kozi ya kusikiliza, masomo tisini, nusu saa kila moja. Hakuna kitabu, hakuna daftari. Sauti ya mwanamume mpole inasema sentensi kwa Kiswahili, inakuachia nafasi uiseme kwa lugha ile nyingine, kisha mwenyeji wa lugha anaisema inavyotakiwa, na yule mpole anamalizia, "Vizuri. Sasa rudia." Mama Nyoosha alimbatiza jina la Mwalimu Rudia siku ya kwanza.

Siku ya kwanza ilikuwa asali. Alichomeka waya masikioni, akashika pasi ya mvuke, na mpaka somo linaisha alikuwa amenyoosha mashati tisa na kujua kusema "Samahani, bwana." Alirudi nyumbani akiomba samahani njia nzima. Aliliomba radhi geti, akamwomba radhi jogoo wa jirani. Siku ya pili akajua "Samahani, bwana, hoteli iko wapi?" Siku ya tatu hoteli iko wapi. Siku ya nane hoteli iko wapi, lakini sasa mwulizaji ni mwanamke. Kufika somo la kumi na saba, Mama Nyoosha alihesabu kwamba ameuliza hoteli mara mia nne na hajaonyeshwa hata ngazi yake.

"Hawa watu wamelala nje wiki tatu," alimwambia mkunjaji, binti mcheshi aliyekunja nguo meza ya pili. "Mimi ningekuwa nimeshajenga ya kwangu."

Hapo ndipo bahati, au balaa, ilipoingilia kati. Akiwa anainamia shuka la hoteli, waya wa masikioni ulipita chini ya pasi ya moto. Ulitoa moshi kidogo, ukanuka kama soli ya kiatu, na Mwalimu Rudia akakatwa kauli katikati ya "vizuri." Mama Nyoosha hakuwa mtu wa kusubiri. Alimwomba bosi ruhusa, akaiweka simu juu ya rafu ya wanga, akaifungulia sauti hadi mwisho.

Sasa duka zima likawa linatafuta hoteli.

Mzee wa mashine za kufulia, ambaye walimwita Babu Povu kwa kuwa mikono yake haikukauka mwaka mzima, ndiye aliyelalamika wa kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache na alipenda ngurumo ya mashine zake kuliko sauti ya binadamu yeyote. "Mama," alisema, "mtu akiambiwa kitu mara moja asiposikia, ana ugonjwa. Mara ishirini, ana ujeuri."

"Papo kwa papo kamba hukata jiwe, babu."

"Mimi naona linalokatwa ni sikio langu."

Hata hivyo wiki ya pili ya sauti hiyo ya wazi Mama Nyoosha alikwama kwenye neno moja refu lenye herufi zinazogongana. Mwalimu Rudia akangoja. Kutoka nyuma ya mashine ya tatu ikatoka sauti nzito, ikalisema neno lile lote bila kujikwaa. Wanawake wakageuka. Babu Povu alikuwa ameinamia ndoo, akikamua kitambaa kilichokuwa kimeshakauka.

Lakini moyo ni kama nguo, ukifuliwa kila siku kwa maji yale yale hupauka. Lilipokwisha somo la thelathini na nane, Mama Nyoosha aliishusha simu kutoka rafuni na kuitia mkobani. Alikuwa amelirudia somo hilo mara tatu, na mara ya tatu alisema vibaya kuliko ya kwanza. "Nimeshiba," alisema. "Mtoto atanipenda hivi hivi nilivyoharibika." Alipiga pasi asubuhi nzima bila hata "samahani."

Siku ya pili ya kimya, mkunjaji alianza kukunja taulo ovyo, kona huku, kona kule. Siku ya tatu alitupa taulo mezani.

"Mama, mimi siwezi. Alikubali au hakukubali?"

"Nani?"

"Yule dada. Kaka alimwambia, unataka kunywa kahawa na mimi. Dada akajibu, labda kesho. Kozi ikaishia hapo. Kesho yenyewe imepita mara tatu, tumekaa tu."

Mama Nyoosha alishangaa. Yeye alikuwa anazisikia sentensi hizo kama mawe ya kubebwa, jiwe baada ya jiwe, na wala hakuwahi kuwaza kwamba waliokuwa wakizisema ni watu.

"Hawezi kukubali," Babu Povu akasema toka huko nyuma. "Sauti yake ina maringo."

"Babu, yale si maringo, ni aibu. Atakubali."

Ubishi ukapamba moto. Mkunjaji na Babu Povu waliwekeana dau: atakayeshindwa atabeba peke yake mablanketi yote ya hoteli, yale mazito yanayotoka majini kama ng'ombe aliyezama, mwezi mzima. Bosi alitoka ofisini kutaka kujua kelele za nini, akaelezwa, akawaza kidogo, na kusema kwa sauti ya mkubwa wa kazi, "Mama Nyoosha, weka somo la thelathini na tisa."

Tangu siku hiyo hawakuhitaji kusukumwa. Kaka wakampa jina la Bwana Kahawa, dada akawa Bibi Labda, na kila siku saa nne asubuhi duka lilinyamaza kama watu wanaosubiri matokeo ya mpira. Kurudia kukageuka utamu, kwa sababu kila somo lilirudia yale ya jana kisha likachomeka neno moja jipya, na lile neno moja lingeweza kupindua kila kitu. Somo la arobaini na nne, Bibi Labda akasema, "Ndiyo, lakini si leo." Mkunjaji akacheza kwa magoti yote mawili katikati ya vikapu. Somo la hamsini na saba, bila onyo, Mwalimu Rudia akasema kwa upole wake ule ule, "Sasa sema: nina mume."

Pasi ilibaki hewani. Mvuke ukatoka peke yake.

"Rudisha nyuma," bosi akasema. "Labda amesema nina mume wa kutafuta."

Wakarudisha. Alikuwa na mume. Babu Povu alitabasamu siku nzima, akampitia mkunjaji na kumwonyesha blanketi moja baada ya jingine, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa ukoo. Furaha yake ilidumu hadi somo la sabini na nne, Bwana Kahawa aliposema, "Mke wangu yuko hotelini." Mteja mmoja aliyekuja kuchukua suti alikuta watu wanne wazima wamejishika vichwa, akauliza kama kuna msiba. Somo la themanini na tatu likamaliza kesi: waliketi wote wanne mezani, waume na wake zao, wakanywa kahawa na kuzungumzia bei ya petroli. Basi alikubali au hakukubali? Bosi alisikiliza pande zote mbili, akaamua ni sare, na mablanketi yakabebwa na wote wawili, huyu kichwani, huyu miguuni, wakigombana kwa lugha ya kigeni.

Mama Nyoosha alikuwa ameapa hatafungua mdomo mbele ya mjukuu mpaka amalize yote tisini, asije akasema nusu, mtoto akadhani betri ni za bandia. Jumapili ya kumaliza ilipofika alivaa gauni lake la harusi za watu, akakaa wima mbele ya simu. Mjukuu akatokea, shavu moja limejaa mkate. Akauliza kitu. Mama Nyoosha akakielewa. Alielewa kila neno, na hilo peke yake lilimfanya ashike meza. Mtoto alikuwa ameuliza, "Bibi, unafanya nini?"

Alitaka kujibu kwamba anampiga picha kwa macho, kwamba anamwona amekua, kwamba huo mkate utamwangukia. Lakini Mwalimu Rudia hakufundisha hayo. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya hoteli. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

"Samahani, bibie," alimwambia mtoto kwa lugha yake, kwa adabu zote. "Unataka kunywa kahawa na mimi?"

Mkate ulitoka shavuni. Mtoto alipiga yowe, akakimbia, akarudi akimvuta mama yake kwa kidole. Kisha akakaa, akafikiri kama mtu mzima, na kujibu kwamba anataka, lakini yenye maziwa. Bibi akamwuliza mume wake yuko wapi. Mtoto akasema yuko chini ya kitanda, ni paka. Bibi akaagiza meza ya watu watatu. Mkwe, yaani mke wa mwanawe, alikuwa amekaa sakafuni akifuta macho, na mwana mwenyewe, aliyeamshwa na kelele baada ya zamu, alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akimwangalia mama yake anaomba bili.

Mwaka uliofuata walikuja wenyewe, wote watatu. Siku ya kwanza Mama Nyoosha alisema kila alichokijua, na maneno yalimwishia saa nne asubuhi wakati mchana ulikuwa bado mzima. Hakujali. Alimshika mjukuu mkono akampeleka kazini.

Mtoto hakuvutiwa na pasi wala na mvuke. Alivutiwa na kioo cha mviringo cha mashine ya tatu, nguo zikizunguka ndani. Alikaa chini mbele yake. Mama Nyoosha akageuza kreti na kuketi pembeni, magoti yakilia. Ndani mle kulikuwa na shati moja jekundu katikati ya nyeupe nyingi, na kila lilipopita kiooni mtoto alilisonta na kulitaja kwa lugha yake. "Jekundu," bibi akaitikia kwa Kiswahili. Likazunguka, likaja tena. Mtoto akalitaja, bibi akaitikia. Mara ya thelathini walibadilishana, mtoto akasema "jekundu" na bibi akasema lile jingine, wote wawili wakacheka hadi wakaegemeana.

Mashine iliposimama, mtoto alilia. Nguo chafu zilikuwa zimekwisha siku hiyo. Babu Povu alitazama huku na huku, akachukua fungu la taulo safi zilizokwisha kukunjwa, akazitumbukiza ndani. Bosi aliyaona yote kutoka mlangoni. Alivua kilemba chake chekundu, akampa mzee akitie ndani na taulo, na kwenda kuketi sakafuni upande wa pili wa mtoto.