Licence ya mama arbitre

Leo nimekatalia muchezaji kuingia ku terrain juu hana licence, ile carte ya ruhusa ya kucheza. Kisha coach yake akaniuliza: "Na ya kwako, mama arbitre?"

Bon, nawaeleza.

Ni mechi ya quartier, kule Lubunga, ngambo ya mto. Mbele ya kuanza, arbitre, mwenye filimbi, njo anaangaliaka licence za bachezaji, moja moja. Namba saba akanionyesha reçu tu, karatasi ya kuonyesha alilipa. Alishalipa, lakini carte yenyewe haiyatoka.

Nikamuambia: "Ndugu yangu, reçu haichezaka mupira."

Batu bakacheka. Na mie nikacheka, mujinga mie!

Njo coach akauliza ile neno.

Nikaingiza mukono ndani ya sac. Mwaka jana nilifanya test ya arbitre, nikapita, nikalipa feza yote. Na nikatosha nini mule ndani?

Reçu. Bureau ile ile ya namba saba, cachet ile ile, muhuri moja.

Nikairudisha ndani ya sac.

Nikapiga filimbi, namba saba akaingia. Akafunga goli mbili.

Tangu nivuke mto na pirogue kurudi nyumbani, sijakaa chini juu ya mawazo. Nyinyi mungefanya nini?

Na kama kuko mutu mwenye alishaona hiyo carte na macho yake, anitumie foto. Nijue tu iko rangi gani.