Zamu ya Maji ya Waliokwenda Vitani

Tope la chini ya ndiva lina harufu yake: majani yaliyooza, vyura, na chuma cha jembe kilicholowa. Ukishalikanyaga litakaa kati ya vidole vya miguu mpaka kesho, hata ujisugue kwa jiwe. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa letu la kukingia maji huku milimani Upareni. Mfereji unaijaza usiku kucha, asubuhi inazibuliwa, na kila nyumba inamwagilia kwa zamu yake. Ukikosa zamu utayatazama mahindi yako yakifa huku ya jirani yanapendeza. Tope likizidi unaitishwa msaragambo, yaani pembe inapulizwa na kila nyumba inatoa mtu wa kuchimba. Nyumba isiyotoa mtu inanyang'anywa zamu. Sheria yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na aliyekuwa anahesabu watu.

Huyo alikuwa Mzee Sefania, mgawa maji, na baba yake alikuwa mgawa maji kabla yake. Alisimama ukingoni na mabuti yake ya mpira yasiyojua tope, akinyoosha kidole: nyumba ya fulani ipo, ya fulani haipo. Sisi tulimfahamu zamani. Babu yangu alikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma. Huko, alisema, ruba walikuwa wakidondoka mitini kama mvua, na mpaka anakufa hakukubali kukaa chini ya mti wowote, hata jua liwe kali namna gani. Harusini tulimtolea kiti juani, watu wakacheka. Lakini siyo hilo nililotaka kusema. Babu alipokuwa Burma, baba yake Sefania aliikata zamu ya nyumba yetu, eti haitoi mwanamume. Babu aliporudi alimkuta mama yake anaishi kwa kaka zake, shamba limekuwa kichaka. Akanyamaza. Alikosea, nasema mpaka leo. Mtu ukimnyamazia, anamfundisha mwanawe.

Ikaja vita ya Uganda. Baba Mdogo alikuwa mgambo, akachukuliwa pamoja na vijana wenzake wa kijiji chetu. Tuliwasindikiza mpaka kwenye lori, na aliyeanzisha wimbo siku ile ni Sefania mwenyewe, na machozi alitoa. Haukupita muda pembe ikalia. Baba yangu alikwisha kufa, Babu kifua kimembana, Bibi ana mgongo. Basi nikalibeba jembe mimi, mtoto wa darasa la nne. Nilichimba mpaka viganja vikachubuka. Sefania alipofika usawa wangu nikamwamkia, akaitikia marahaba akiwa anatazama mbali.

"Wewe mtoto wa kike, nani kakuita humu?"

"Nimekuja badala ya Baba Mdogo. Yuko vitani."

"Mimi nimeita wanaume. Nyumba yenu simwoni mtu."

Nilirudi pembe ilipolia tena, na tena, na kila mara kidole chake kiliniruka. Zamu yetu ikakatwa, ikaenda kumwagilia maharage yake. Mahindi yetu yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Ukipita ndani yalikuwa yanalia kama karatasi. Nyumba za wenzake Baba Mdogo nazo zilifanyiwa vivyo hivyo. Njaa ilipoingia, Bibi alinipeleka Bendera, kule tambarare, kwa shangazi, nikaamie ndege kwenye mpunga ili nipate kula. Shule yangu iliishia hapo. Ndiyo maana naandika kama ninavyosema. Kuandika kwa namna nyingine sikufundishwa.

Baba Mdogo aliporudi aliteremkia Same, akaambiwa niliko, na kabla hata ya kupanda kwa mama yake akanifuata Bendera. Alikuwa anachechemea. Alinikuta juu ya dungu, napiga debe na kuwafukuza kwelea, sauti imekauka. Hakuuliza sana. Tulipofika nyumbani Babu alimhadithia habari ya Sefania, kisha kwa mara ya kwanza akamhadithia na ile ya zamu yake iliyokatwa akiwa Burma. Baba Mdogo akasema, "Baba, wewe ulinyamaza. Mimi sinyamazi." Babu akajibu, "Safari hii tunakwenda wote."

Mvua zikabomoa ukingo wa ndiva, na kupanda kumekaribia. Pembe ikalia. Vijana waliotoka vitani wakaja wote, na suruali zao za jeshi, wakajipanga juu ya ukingo mikono kifuani. Babu mbele yao, na koti lake la keya lililoliwa na mende. Chini walikuwa wazee tu, na akina mama ambao safari hii Sefania hakuwakataa, wanahangaika na mawe wasiyoyaweza.

"Mbona hamshuki, wanangu?" akauliza Sefania.

"Sisi hatuna zamu hapa, Mzee," akasema Baba Mdogo. "Tumekuja kutazama mnavyochimba."

Watu wakamgeukia Sefania. Mama mmoja akamwambia, "Zamu zao si umezinywa wewe? Wabembeleze!" Akabembeleza. Babu akasema hakuna atakayegusa jembe mpaka Sefania ashuke achimbe na yeye, avue na mabuti, na wa kumhesabu awe mimi.

Akashuka. Sikilizeni, nimezaa, nimeozesha watoto, nimeona mema mengi, lakini siku tamu kama ile sijaipata. Nilikaa juu ya jiwe nikimtazama mgongo. Vijana nao wakashuka, ukingo ukapanda, na jua lilipoelekea kuzama akanijia tope limempanda mpaka kwenye ndevu.

"Haya mjukuu wangu, nimehesabiwa?"

Nikasimama kwa adabu. "Shikamoo, Babu Sefania. Ndiyo kwanza unafika?"

Ndiva nzima ililipuka kwa kicheko. Zamu zetu zikarudi siku ileile, na yake ikakatwa msimu mzima kwa sababu sikumwona. Maharage yake yalisinyaa. Nilikuwa napita pale kila asubuhi, njia isiyo yangu, ili niyaone tu. Bibi alinigombeza kwamba nina roho mbaya. Ninayo.

Siku hizi ndiva imejengwa kwa saruji, zamu zinatangazwa kwenye simu, na tangu siku ile imekubaliwa kwamba askari akiwa kazini zamu yake haiguswi. Mjukuu wa Sefania ni mwanajeshi, amelinda amani Kongo, na muda wote aliokuwa huko mahindi yake yalikuwa yanakunywa maji. Napita nayaona yalivyo ya kijani. Njaa yangu ndiyo iliyoyanunulia maji hayo, na yeye alikuwa hajui.

Mwaka huu alikuja likizo, akaniletea sukari na kitenge, kijana mwenye heshima kabisa. Akakaa, na wanawe miguuni, akaomba nimsimulie babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Nikamsimulia yote, mbele ya wanawe, sikupunguza hata kidogo. Akampakata mwanawe mdogo. Kisha akasema taratibu, "Bibi, lakini si alishakufa?"

Nikamwambia, "Alishakufa. Mimi bado."