Kitambaa cha Dumu la Petroli

Nakumbuka siku moja, asubuhi ya kiangazi hapa Ujiji, nilifungua kipande cha kitambaa kwenye shingo ya dumu kwa sababu kilikuwa kinaharibu picha. Huo ndio ujinga wangu, mwanangu, na nimeuweka mstari wa kwanza makusudi. Sisi wazee tuna tabia ya kuzunguka. Tunaanza na habari za babu, tunapitia bei ya sukari, na tukikaribia kosa letu wenyewe usingizi unatuchukua.

Juzi uliniuliza kwa ile sauti yako ya kejeli, "Mjomba, hilo gari bovu uani ni banda la kuku au ni kumbukumbu ya vita?" Kisha ukaniomba funguo. Umesema wewe na wenzako mtalifufua, mtalifunga hema juu ya paa, mtakwenda kulala porini huko kusini mwa ziwa na kupiga picha za kuwatia watu wivu. Funguo nakupa. Nitazifunga pamoja na karatasi hizi. Ila usiziguse kabla hujafika mwisho.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako, thelathini na ushei, karani wa bandarini, Form Four iliyoniishia mdomoni. Mimi ni mtu wa nyumbani, unajua. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa harusi ya Kasulu, na huko nililala usiku mmoja tu nikauota mto wangu wa kulalia. Ziwa liko mlangoni kwangu tangu nizaliwe na sijui kuogelea. Nikipanda boti natapika kabla kamba haijafunguliwa. Ndugu zetu wote wa vijiji vya kusini husafiri kwa boti na kurudi salama, mimi nikaapa kwamba nitafika huko kwa magurudumu.

Nilikuwa nawaona wageni wakipita mjini na magari yenye mahema juu, vumbi mpaka kwenye kope, nami nimekaa barazani na kikombe cha kahawa. Wivu ukaniingia. Asiyekwenda popote ndiye hutaka gari la kwenda kokote. Jeshi lilipouza magari yake chakavu kwa mnada, nikajipatia moja: sakafu imeliwa na kutu hadi unaiona ardhi, benchi mbili za askari nyuma, na nyoka mmoja kwenye sanduku la zana.

Nikamwita Shabani. Huyu alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa madrasa, fundi mwenye gereji yake Gungu, mtoto wa pekee wa Bi Zuhura, nyumba ya pili kutoka kwangu. Alilizunguka gari mara moja, akalipiga teke gurudumu.

"Kaka, hili si gari. Ni marehemu."

"Utaweza kulifufua?"

"Kufufua ni kazi ya Mungu. Mimi naweza kulidanganya litembee."

Akalidanganya karibu mwaka mzima. Alishusha injini, akakata chesi palipooza na kuunga chuma kipya, akabadilisha breki, spring na waya zote. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kutoa maoni. Tuling'oa benchi za askari tukajenga kitanda cha mbao za mninga, aliyezipiga randa ni yeye, na chini yake droo za sufuria na unga. Fundi cherehani mmoja wa Katubuka alitushonea hema. Na kwa kuwa raia haruhusiwi kuendesha gari la rangi ya jeshi, nikalipaka rangi ya maziwa. Hapo ndipo nilipopotea. Kila jioni nililifuta, nikalifunika turubai, majirani wakalipa jina la Mwali.

"Mwali wako anatoka lini?" wananiuliza nikienda msikitini. "Au bado hajaiva?"

Gari lilikuja na madumu mawili ya chuma ya kufunga nyuma, yamefanana kama mayai. Moja tungetia maji, jingine petroli ya akiba. Shabani alitaka la petroli tulipake jekundu.

"Jekundu juu ya rangi ya maziwa?" nikamwambia. "Litaonekana kama chunusi."

"Bora chunusi inayojulikana, kaka."

Sikumsikiliza. Nikayapaka yote mawili rangi ya maziwa, makoti matatu, yaking'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na mimi nilikuwa nimeshughulika na mkakasi mwaka mzima.

Asubuhi ya safari Bi Zuhura akaja kutuaga. Mama yule hakuwahi kuendesha hata baiskeli, lakini jicho lake lilikwenda moja kwa moja nyuma ya gari. "Lipi maji hapa?" Shabani akafungua, akanusa, akasema, "Hili petroli, mama." Basi Bi Zuhura akachana kipande cha kanga yake kuukuu nyekundu, akakifunga kwenye shingo ya dumu lile, kama wanawake wanavyofunga madumu yao bombani yasibadilishwe. Akasema, "Dumu halina mdomo. Halitakuambia jina lake." Kisha akarudi kwake kutuletea mandazi ya njiani.

Mpiga picha niliyemwita akafika wakati huohuo. Akatupanga nyuma ya gari, mimi huku, Shabani kule, madumu katikati. Na kile kitambaa kinapepea, kimechanika pembeni, kama tambara la dekio kwenye harusi. Nikakifungua. Nikakitupa chini nikisema moyoni kwamba nitakirudisha picha ikishapigwa. Picha ikapigwa. Bi Zuhura akaja na mandazi, akayapitisha dirishani, akatuombea dua, tukaondoka. Hakuna shetani aliyenishika mkono, mwanangu. Nilisahau tu, kama mtu anavyosahau kitu ambacho tangu mwanzo hakukitaka.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Tulivuka Malagarasi kwa kivuko pale Ilagala, gari likipanda na kushuka vilima bila kukohoa. Kwenye kijiji kimoja mzee akatusalimu, "Mwakeye," akauliza tunakwenda kwa nani.

"Hatuendi kwa mtu, mzee. Tunakwenda kulala nje."

"Kulala nje?" Akatutazama kwa huruma. "Wake zenu wamewafukuza?"

Shabani alicheka mpaka akasimamisha gari. Nakitunza kicheko kile. Sina vingi vyake.

Tukapiga kambi ufukweni mbali na vijiji. Asubuhi yake nikawahi kuamka, mgongo unauma, nikachota maji ya birika ziwani, nikakoka moto wa chai. Nyasi zilikuwa zimekauka na sikuzifyeka, kwa sababu moto wenyewe ulikuwa mdogo na mimi nilikuwa mvivu. Upepo wa kusini ukaja kama unavyokuja kila kiangazi. Ukaokota kaa moja. Kabla sijaliweka birika chini, moto ulikuwa unatembea kwenye nyasi kuelekea kwenye gari.

Shabani akaruka kutoka kitandani, akafika nyuma ya gari.

"Lipi maji?" akapiga kelele. "Kaka! Lipi maji?"

Nikayatazama madumu yale mawili, mazuri, yanang'aa, na sikujua. Mwenye gari sikujua. Moto haukungoja, naye hakungoja. Alishika moja, akafungua, akamwaga.

Sitakusimulia moto ule. Nitakuambia tu kwamba petroli hairudi nyuma ukiiita, na kwamba moto uliifuata hadi mikononi mwake, ukapanda. Mbele yetu, hatua ishirini, lilikuwapo ziwa lote la Tanganyika, na sisi tulikuwa tunatafuta maji kwenye dumu. Huko ndiko alikokimbilia. Nami nisiyejua kuogelea nikamfuata mpaka maji yakanifika kifuani, nikamshika, naye ananiambia nisimshike.

Moto wa nyasi ulipita pembeni ya gari ukaenda zake, ukaunguza rangi ya ubavu mmoja. Ndio huo weusi unaouona hadi leo na ambao umesema utausugua.

Nilimlaza kwenye kile kitanda cha mninga, nikaendesha kutwa nzima. Nilikuwa naendesha vibaya, mwanangu, gia zinalia. Yeye yuko nyuma, sauti imebaki kidogo.

"Namba mbili, kaka. Weka mbili. Usiniunguzie klachi, mpya hiyo."

Pale kivukoni watu walitupisha bila kuulizwa. Mama mmoja alivua kitenge chake akamfunika. Na gari halikuzima hata mara moja, kutoka kule hadi hospitali. Alikuwa amelidanganya vizuri mno.

Shabani alifariki siku ya tisa.

Sasa sikiliza, maana kosa la kitambaa ni la kwanza na ndilo dogo. Msibani watu walisema kazi ya Mungu haina makosa. Niliisema na mimi, kwa sauti kuliko wote. Waliponiuliza ilikuwaje, nikasema madumu yalichanganyika. Angalia neno hilo lilivyo la ujanja: yalichanganyika. Kana kwamba yaliamka yenyewe yakabadilishana majina. Siku ya tatu, barazani, nikamsikia mtu anasema, "Lakini fundi mzima! Ashindwe kunusa petroli?" Mwingine akajibu, "Mafundi hao pua zao zilishakufa zamani." Wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa. Nikanywa.

Hapo ndipo nilipomuua mara ya pili. Kwa sababu neno lile halikuishia barazani. Lilikwenda Gungu, likafika Bangwe, likaingia kwenye magereji. Hadi leo fundi akimwona mwanafunzi wake amezembea na mafuta, humwambia, "Unataka kufa kizembe kama Shabani?" Vijana wanaosema hivyo hawakumwona hata kivuli. Kijana aliyetaka dumu lipakwe jekundu, aliyelinusa na kulitambulisha kwa mama yake, jina lake limekuwa mfano wa uzembe. Na mzembe mwenyewe ameitwa Mzee, anapewa shikamoo, na watu wanamwomba ushauri wa ndoa.

Na kila Ramadhani, mwanangu, Bi Zuhura ananiletea futari. Muhogo wa nazi, mara nyingine tambi. Anaweka bakuli, ananitazama kidogo, anaondoka. Najiambia ni macho yake yanavyofifia. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakunijua mimi. Mimi niliumbuka bila kufa, bakuli moja baada ya jingine.

Ndiyo maana nakuandikia. Ukilifufua gari hili, anza na vitu vinavyookoa, si vinavyopendeza. Dumu la petroli lipake jekundu, hata kama litaonekana kama chunusi, kisha lifunge na kitambaa, kisha lifunge upande wake peke yake, na kila anayepanda gari mwonyeshe kwa kidole kabla hamjaondoka. Fyeka nyasi kabla ya kukoka moto, hata kama ni wa kuchoma karanga. Mtu mzima akifunga kitu, usikifungue mpaka umemuuliza kwa nini amekifunga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi nililisikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Lakini hayo hata fundi yeyote atakuambia. Langu mimi ni hili: ukikosea, sema siku ileile. Sema kabla maneno ya watu hayajapoa na kuganda juu ya mtu asiyehusika. Kosa ni kama maiti. Likilala ndani halipungui uzito. Wala usimtume Mungu akubebee mzigo wako. Aliyoyaandika Yeye ni Yake, na kitambaa kilifunguliwa na vidole hivi. Ukienda Gungu kutafuta vipuri ukasikia mtu anasema "kizembe kama Shabani", simama, umwambie mjomba wako ndiye aliyekifungua, na umtajie jina langu lote.

Mungu akufunike, mwanangu, akupe mikono yenye ujuzi kama ya aliyelitengeneza gari hili na ulimi mwepesi kuliko wa aliyelinunua. Akupeleke huko uendako na akurudishe na idadi ileile ya watu ulioondoka nao.

Nilipomaliza kuandika sikufunga karatasi hizi. Nilikwenda kwanza nyumba ya pili. Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi. Nikamwambia nina kitu nataka kumsomea. Hakuuliza ni nini. Nilisoma kuanzia mstari wa kwanza hadi kwenye dua. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akafungua sanduku lake, akaniwekea mapajani kipande cha kanga nyekundu iliyopauka, kimekunjwa mara nne. Maneno aliyosema nakuandikia kama alivyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Nilikiokota uani kwako vumbi la gari lenu halijatua. Miaka yote hii nakuletea futari, najiambia leo atasema, leo atasema. Umechelewa, lakini umesema. Sasa kawaambie na wale wa barazani, kisha ndiyo uje kula."