Mtu wa Tatu Kwenye Mteremko wa Theluji

Haya sikuhadithiwa, niliyaona. Ukitaka kucheka, cheka sasa, kisha unisikilize.

Asubuhi moja ya Februari, miaka ile ya simu za vibonye, niliamka Kingstanding, mtaa wa Birmingham, sina kazi wala mpango. Shule niliiacha mapema, lakini kila kitu nataka nikione kwa macho yangu. Nikampigia Idi, rafiki yangu Mzanzibari aliyekuwa akiuza vitambaa mtaa wa Alum Rock, na mwenye gari.

"Idi, twende tukaone milima ya theluji."

"We una wazimu, bwana. Na hiyo iliyoko mlangoni kwako ni chumvi?"

Lakini alikuja. Tukaendesha kutwa hadi Uskoti, tukalala garini.

Kulipokucha, pale tulipoegesha, mzee mmoja mwenye kamba na sepetu mgongoni alitutazama viatu akatikisa kichwa. Alisema upepo wa jana umerundika theluji kule juu, na hiyo mpya haijashikana na ya zamani. Hata uzito wa mtu mmoja unaweza kuiporomosha yote. Rudini, akasema. Na kama hamsikii, penye mteremko mkali vukeni mmoja mmoja, na anayebaki asimwondolee macho anayevuka.

Tulirudi? Hatukurudi. Mimi ndiye niliyesema tufike pale juu tu.

Saa tano hivi ukungu ukashuka. Tulikuwa ukingoni mwa mteremko mweupe usio na unyayo hata mmoja. Mara tukasikia, "Asalaam aleykum." Kijana mweusi mwenye koti jepesi alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, na Kiswahili chake cha kwetu kabisa.

"Alhamdulillahi, nimepata watu," akasema. "Nivusheni. Peke yangu naogopa."

Niamini, kwanza nilifurahi. Halafu nikaona. Mimi na Idi tulikuwa tunafuka mvuke mdomoni kama masufuria. Yeye alikuwa akizungumza, na mdomoni mwake hapakutoka kitu. Wala nyuma yake hapakuwa na nyayo.

"Idi," nikanong'ona, "mmoja mmoja. Yule mzee kasemaje?"

"Mtu aomba mkono, nawe wataka apange foleni kama benki? Mama'ko kakulea hivyo?"

"Mwangalie mdomo!"

"Kaka, usiniache," yule kijana akasema. Alikuwa akimwangalia Idi, si mimi.

Wewe ungefanya nini? Idi alimshika mkono, wakaondoka pamoja. Mimi sikwenda nao. Nikabaki nimeikodolea macho kofia nyekundu ya Idi.

Walipofika katikati nikasikia dufu! kama gunia la mchele limeangushwa ghorofani. Ufa ukakimbia juu yao, na mteremko mzima ukaondoka. Niliifuata ile kofia kwa macho mpaka ilipozama. Theluji iliposimama nikakimbilia palepale, nikachimba kwa mikono huku napiga kelele. Ilikuwa imeshikana kama saruji. Nikapata kofia, nikapata nywele, nikapata uso. Nikamtoa theluji mdomoni. Akakohoa.

Neno lake la kwanza: "Mwenzangu yuko wapi?"

Yule mzee alikuwa ameusikia mlima, akapanda na wenzake na mbwa. Walidungadunga theluji kwa fimbo ndefu wakimtafuta yule kijana mpaka jioni. Hawakupata mtu.

Wakatushusha kijijini, na mama mmoja akatupa chumba juu ya duka lake. Idi alikaa dirishani na viatu vyake vimelowa.

"Nilimwachia mkono," akasema.

"Idi, yule hakuwa mtu."

"Aliniita kaka."

Mimi nilirudi Birmingham. Idi hakurudi. Mpaka leo amepanga chumba kile kile, na kila theluji ikianguka hupanda na fimbo kumtafuta, peke yake, bila wa kumtazama akivuka. Mimi nikiona theluji hapa mtaani kwangu Great Barr, nakimbilia simu. Napiga mpaka apokee. Leo nimeshapiga mara nne.

Basi wewe unayekwenda milimani, uliza kwanza upepo wa jana umevumia wapi. Ukiambiwa rudi, rudi. Kama lazima mvuke, vukeni mmoja mmoja, hata kama mwenzako ni ndugu yako wa damu. Na ukimkuta mtu mahali pasipo na nyayo, akakwambia anaogopa kuvuka peke yake, mhurumie kwa mbali. Mkono usimpe.